Umeme wa Bei ya Msanzi

Chanji, alasiri

Skolastika, mama,

Umeondoka asubuhi kwenda Msanzi kuliaga kaburi la shangazi yako, na umeniambia utarudi na gari la jioni. Basi la Mbeya linaondoka kesho alfajiri. Nina hizi saa chache tu, na tangu ulipofunga geti nimekaa hapa mezani. Karatasi mbili nimeshazichana.

Sikuandikii habari za sweta, wala za kutunza risiti ya ada, wala za kumpigia simu baba yako mdogo ukifika. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka jana ukaniambia kwa upole, "Baba, nimesikia." Nilikuwa nayasema mengi kwa sababu lipo moja nililoshindwa kulisema.

Unakwenda kusomea umeme. Siku moja mwalimu atasimama ubaoni awaeleze jinsi umeme unavyouzwa: kwamba nyumba inayotumia kidogo ina bei yake, inayotumia mwingi ina bei yake, na kwamba ukivuka kiwango unahamishwa. Wenzako wataendelea kuandika. Wewe utaacha kalamu. Utaikumbuka mita ya shangazi yako, utalikumbuka gari langu, na hesabu utaipiga mwenyewe. Tangu ulipopata barua ya chuo sijalala vizuri kwa ajili ya hiyo siku. Na leo nimeongezewa hofu nyingine. Mama Veni, jirani wa shangazi yako mwenye duka, anajua kila kitu, na muda huu huenda umekaa naye dukani kwake. Sikumkataza kusema. Ningemkatazaje? Ninachotaka ni ulisikie kwangu, hata kama nimeshachelewa.

Gari nililinunua mwaka juzi ulipokuwa shuleni bweni. Unakumbuka ile teksi ya zamani, ilivyokuwa inakohoa. Petroli ilikuwa imenimaliza. Nikisafirisha abiria wanne kwenda Matai na kurudi, nikitoa mafuta nabaki na hela ya mboga. Ndipo jamaa mmoja wa Mbeya akaniuzia hili la umeme, limetumika Japani, betri limechoka kidogo, ila kwangu lilikuwa muujiza. Pale stendi wenzangu waliliita Friji, kwa sababu halina sauti na kwa sababu ndani ni baridi. Kila asubuhi waliniuliza kama friji limeshiba. Nilicheka nao. Mfukoni nilikuwa najua ninachokipata.

Ugonjwa wangu ulianzia kwenye bei ya kulichaji. Kila nilipofika niliuliza. Namanyere kulikuwa na nyumba ya wageni iliyotoza elfu kumi, uchaji usichaji mpaka mwisho. Matai fundi wa kuchomelea alitaka elfu saba, na alikuwa anachomoa waya akipata kazi ya geti. Hapa nyumbani, elfu moja ya luku ilikuwa inanipa uniti karibu tatu. Halafu siku moja nikapita Msanzi kumsalimu shangazi yako, akaniomba nimwingizie umeme wake wa elfu moja kwa simu yangu. Ujumbe ukarudi: uniti nane na kitu. Nilidhani nimekosea kusoma. Nikamuuliza fundi mmoja, akanieleza kwamba nyumba kama ile, yenye taa tatu na redio, imewekwa kwenye bei ya watumiaji wadogo. Akaniambia pia, na hapa nisikilize vizuri mwanangu, akaniambia mita ya namna hiyo haitaki mzigo mkubwa. Ukizidisha, wanaihamisha bei.

Kwa hiyo nilijua tangu mwanzo. Msibani, wachache waliopata habari ya hiyo mita walinitetea kwamba sikujua. Niliwaacha waseme.

Nikamwambia dada yangu, "Dada, nitakuwa nachaji gari hapa kwako mchana, luku nitanunua mimi." Akafurahi. Hakufurahia luku, alifurahi kwamba atakuwa ananiona kila siku. Nilikuwa nashusha abiria Matai, narudi Msanzi, nachomeka waya dirishani kwake saa tatu asubuhi, nachomoa saa tisa au kumi. Yeye anapika. Tulikula ugali wa ulezi na maharage, tukaongea habari zako. Nadhani ile miezi miwili ndiyo tuliyokaa pamoja zaidi tangu utoto wetu. Hata hilo nililipata kwa sababu umeme wake ulikuwa rahisi.

Mwezi wa tatu niliingiza elfu tano kama kawaida. Nilizoea kupata uniti arobaini na moja. Zikaja kumi na nne.

Nilisimama uani kwake na simu mkononi nikijua kabisa kilichotokea. Mita yake ilikuwa imehamishwa, na aliyeihamisha ni mimi. Skola, unajua nilifanya nini? Nilipiga hesabu. Nikaona kwamba sasa Msanzi ni sawa na Chanji, hakuna faida. Na nyumba ya tatu kutoka pale palikuwa na Mzee Kizito, naye ana taa tatu na redio. Wiki ile ile nikahamishia waya kwa Mzee Kizito, nikawa namlipa elfu moja kwa siku. Kwa dada yangu nikaacha kwenda na nikaacha kununua luku, kwa sababu makubaliano yalikuwa nanunua nikichaji. Nilimwachia ile bei mpya kama mtu anavyoacha ganda la muwa barabarani.

Sikumwambia. Alinipigia simu siku moja jioni, akasema, "Baba Skola, umeme wangu siku hizi una haraka. Hivi hizi taa zinakula nini?"

Nikamjibu, "Bei imepanda, dada. Ni kila mahali."

Akasema haya, Mungu atasaidia.

Nimelirudia jibu langu hilo kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote niliyowahi kufundishwa. Lilikuwa fupi na lilitoka kirahisi. Kumweleza ukweli kungechukua dakika tano. Kwenda ofisi ya umeme kuomba mita yake irudishwe kungechukua asubuhi moja, na ofisi yenyewe si mbali na stendi, nilikuwa naipita kila siku. Ila ningelazimika kueleza habari ya gari, na Mzee Kizito angesikia, na ningekosa pa kuchomeka. Nikasema nitakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo zilikuwa nyingi.

Shangazi yako akaanza kuzima. Kwanza aliacha redio. Kisha taa ya nje, ile uliyokuwa unasomea barazani ulipokuwa darasa la saba. Kisha akabaki na ya chumbani, na hiyo akiwasha anavua viatu, anapanda kitandani, anazima. Akaacha hata kuchaji simu kila siku. Mwanangu, kuchaji simu hakuli hata shilingi kumi. Mimi niliyekuwa naijua bei ya umeme ya kila mji kuanzia Namanyere mpaka Matai, kitu hicho kimoja sikumwambia, na ndicho alichokihitaji.

Alikuwa ananiona napita. Nyumba ya tatu si mbali. Hakuja kuniuliza mbona nimehama. Mara mbili alituma chakula kwa Mzee Kizito, kimefunikwa kitambaa, akisema ni cha mdogo wake anayesubiri gari. Nilikula.

Nikikumbuka hapo narudi nyuma zaidi, kwenye jambo ambalo hujawahi kuniuliza. Mama yako alipofariki ulikuwa na miaka minne. Nilikupeleka Msanzi nikamwambia shangazi yako ni mwaka mmoja tu, nijipange. Ukakaa mpaka ulipokwenda sekondari. Watu niliwaambia mtoto wa kike anahitaji mama. Ni kweli, ila haikuwa yote. Kule ulikuwa unakula mahindi ya shamba lake, unalala nyumba isiyolipiwa kodi, unatibiwa kwa hela ya kuku wake. Nilikuacha kule kwa sababu kulikuwa nafuu. Nilileta sare na sukari Krismasi, ukawa unanikimbilia barabarani, na mimi nikajiona baba mzuri. Dada yangu hakunihesabia hata siku moja. Mtu asiyekuhesabia ni rahisi sana kumtumia, unasahau kwamba naye anapungukiwa.

Sasa nifike huko.

Ilikuwa Julai. Unaijua Julai yetu, upepo unavyopita kwenye nyasi tangu asubuhi, na jioni vidole havikunjiki. Baridi hiyo inalila betri la gari. Hita nilikuwa siwashi kabisa maana inamaliza chaji. Abiria nilikuwa nawaambia imeharibika. Siku hiyo gari lilichelewa kujaa chaji. Nililichomoa kwa Mzee Kizito kwenye saa moja jioni, giza limeshaingia, nikafunga vioo, nikajifunga blanketi kiunoni na kuondoka. Nikapita mbele ya nyumba ya dada yangu. Palikuwa giza tupu. Nikasema moyoni, amelala mapema leo. Sikusimama.

Hakuwa amelala. Alikuwa ametoka kufungia kuku, taa ya nje imezimwa, akakosa ile ngazi ya jikoni. Nyonga ikavunjika. Alikuwa chini, nyuma ya nyumba, hatua labda ishirini kutoka barabarani. Simu ilikuwa ndani na haikuwa na chaji. Aliita, upepo ukabeba. Alikaa pale usiku mzima.

Mama Veni aliona asubuhi kuku hawajafunguliwa, akaenda kuchungulia. Alinipigia, nikaenda mbio. Tulimwinua mimi na Mama Veni na Mzee Kizito, tukamlaza kiti cha nyuma, Mama Veni akampakata kichwa. Alikuwa anatetemeka hata meno. Nikawasha hita. Tulipofika kwenye lami, joto likawa limejaa ndani, na shangazi yako akafumbua macho akasema taratibu, "Kumbe lina joto."

Hakusema kwa ubaya. Hakuwa anajua kwamba nilikuwa nawadanganya watu. Alikuwa tu ameshangaa.

Aliishi siku tisa hospitalini. Nyonga haikumuua, kilichomuua ni kichomi cha ule usiku. Siku ya tano alikuwa na nguvu kidogo, nikaona ni leo. Nikamwambia, "Dada, ule umeme wako..." Yeye akamaliza. Akasema, "Mama Veni aliniambia tangu mwezi wa tano. Naye alihamishwa bei aliponunua friji ya soda. Nilikuwa nangoja uje uniambie mwenyewe."

Nikapiga magoti pale kati ya vitanda. Akatazama dirishani. Akasema, "Jioni ile sikusikia gari lako. Lile la zamani ningelisikia, ningeita."

Nilingoja aseme amenisamehe. Mwanangu, nilingoja mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha. Hakusema. Wala hakunilaani. Alichosema wakati naondoka ni kwamba nisikwambie wewe mpaka umalize mtihani wa kidato cha nne, usije ukafeli kwa ajili yake. Baada ya hapo hakuongea tena maneno mengi, na sikupata nafasi nyingine. Au niseme ukweli: nafasi zilikuwapo, siku nne, na kila nilipoingia wodini nilianza kwa kuuliza kama amekunywa uji.

Ulikuja msibani na sare ya shule. Ulibonyeza swichi ya sebuleni haikuwaka, ukanigeukia mbele ya watu ukauliza, "Baba, mbona nyumba haina umeme?" Nikasema umekatika kijiji kizima. Dukani kwa Mama Veni taa ilikuwa inawaka, inaonekana kabisa pale mlangoni. Uliiona. Nilikuona ukiiona. Hukuuliza tena, na tangu siku ile kuna kitu umekifunga, unanijibu vizuri, unaniamkia vizuri, ila huniambii kitu. Watu walikuwa wanasema mbele yako kwamba bahati yake alikuwa na mdogo wake mwenye gari. Nilikuwa nakubali kwa kichwa.

Baada ya arobaini nilikwenda ile ofisi. Sijui nilikwenda kutafuta nini. Binti wa dirishani alikuwa na adabu, akaandika namba ya mita, akaniambia matumizi ya nyumba hii yameshashuka, mngekuja tu tungeangalia namna ya kuirudisha. Akaniuliza kama mwenye mita yupo. Nikamwambia hayupo.

Mzee Kizito naye alikuwa amehamishwa bei. Yeye nilimfuata nikamweleza kila kitu, na umeme wake nanunua mimi mpaka leo. Hakunifukuza. Ila chai hakunikaribisha, na mke wake alisimama mlangoni mpaka nilipoondoka.

Wiki iliyopita ulikuwa unaosha gari pale uani ukaniuliza mbona siliendeshi siku hizi, nikasema betri limekufa. Halijakufa. Sijaliendesha tangu niliporudi nalo kutoka mazishini. Nimejaribu kuliuza, na kila anayekuja ananiuliza swali moja: kulichaji ni shilingi ngapi? Nashindwa kumjibu. Naona mtu anasimama tu ananitazama, kisha anaondoka akidhani gari ni la wizi. Sasa naendesha lori la mahindi la mtu, na unajua hilo, ulidhani ni kwa sababu ya betri.

Na ada yako. Nilikwambia nimekopa kwenye kikundi. Sikukopa. Ni magunia tisa ya mahindi ya shangazi yako, aliyoyavuna mwezi ule ule kabla ya kuanguka. Yalikuwa yamepangwa chumbani ulikokuwa unalala. Mama Veni alisema dada alimwambia hayo ni ya chuo cha Skola, yasiguswe. Shukrani ulizonipa mimi hazikuwa zangu, zipeleke zinakostahili.

Utasema basi, Baba, umejifunza nini? Sijui kama nimejifunza. Najua tu kwamba siku hizi nikiambiwa mahali fulani kitu ni rahisi, nataka kujua rahisi hiyo inatoka kwa nani. Dada yangu alikuwa mtu wa kwanza kunipa kila nilichokipata kwa bei ya chini, na sikuwahi kumuuliza yeye kinamgharimu nini. Wewe utakuwa fundi. Utaingia kwenye nyumba za watu, utasimama mbele ya mita za akina mama kama yule. Sina cha kukufundisha hapo. Wewe ulilelewa naye.

Ninaogopa, Skola. Mama yako hayupo, dada yangu hayupo, na kesho alfajiri wewe unapanda basi, na huenda usitake kurudi tena kwenye nyumba hii. Nimejiuliza mchana wote kama nina haki ya kukuomba usiniache. Naona sina. Ila nakuomba. Nikitumia neno jingine nitakuwa nakudanganya tena. Nitukane, kaa kimya mwaka mzima, usipokee simu zangu, ila usiniache moja kwa moja.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini ya begi lako, chini ya shuka, uikute ukiwa Mbeya. Ungeisoma mbali, ungelia mbali, na mimi nisingeuona uso wako. Nimefikiria hilo tangu saa nane. Lingekuwa rahisi sana kwangu.

Gari la Matai limesimama pale barabarani, nalisikia. Wewe ndiye unayeshuka, umebeba mfuko mweusi, bila shaka ni mahindi mabichi aliyokupa Mama Veni. Unatembea polepole. Kwa hatua zako siwezi kujua kama ameshakuambia au la. Umefika getini. Nasimama, nakuletea karatasi hizi mkononi, na nitakaa palepale barazani mpaka umalize kusoma.

Baba yako,
Kasiano